Kipimo cha Ujuzi wa Lugha

Mwaka 1996 walimu wa lugha za kigeni huko Marekani walitoa vipimo vyenye malengo matano: mawasiliano, utamaduni, uhusiano wa masomo, ulinganishaji na jamii. Mwaka 1997 walimu wa Kilatini na Kigiriki cha kale waliyafuata malengo hayo, ila walitanguliza kusoma kuliko kusema. Walifanya vema, maana Warumi wa kale hatuwezi kuzungumza nao. Twaweza kuwasoma tu. Lakini lengo la tano, la kuitumia lugha nje ya darasa, lanitia shaka: ni mtihani gani utakaolipima? Hata hivyo, lisifutwe. Mwanafunzi apataye alama nyingi, kisha akanyamaa mbele ya mgeni, amejifunza mtihani, hakujifunza lugha.