Vyombo vya Kioo vya Warumi na Wakusanyaji Wake

Miongoni mwa vitu vya kale vinavyokusanywa na watu, vyombo vya kioo vya Warumi vina bahati ya pekee: vilitengenezwa kwa wingi, na vingi vimesalia vizima. Sababu ya wingi huo yajulikana. Katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, mafundi wa Shamu na Palestina walivumbua kwamba kioo kilichoyeyushwa chaweza kupulizwa kikavimba kama kibofu. Kazi iliyokuwa ya taabu ikawa nyepesi, na chombo cha matajiri kikaingia nyumba za watu wa kawaida. Kichupa cha uturi kinachotunzwa leo katika kabati aghalabu hakikuwa hazina. Kilikuwa chombo cha matumizi, kikazikwa pamoja na maiti.

Lakini wakusanyaji wengi huvutwa zaidi na zile rangi za upinde wa mvua zing'aazo juu ya kioo. Rangi hizo hazikutiwa na fundi. Kioo cha Kirumi kilifanywa kwa mchanga na magadi. Kikikaa karne nyingi katika udongo wenye unyevu, maji huyaondoa magadi, na uso wa chombo huambuka tabaka kwa tabaka, nyembamba mno, zinazotawanya mwanga. Kinachosifiwa kuwa uzuri, basi, ni kuoza kwa kioo. Louis Comfort Tiffany wa Marekani aliziiga rangi hizo kwa makusudi mwishoni mwa karne ya 19, naye alikuwa na haki, kwa kuwa alitengeneza kitu kipya. Mkusanyaji hana udhuru huo. Asifuye kutu akamsahau mhunzi hajaujua upanga.

Fundi mmoja hakukubali kusahauliwa. Ennion, ambaye hudhaniwa kuwa alifanya kazi Sidon katika karne ya kwanza baada ya Kristo, alipuliza vyombo vyake ndani ya kalibu iliyochorwa jina lake kwa Kiyunani. Katika baadhi ya vikombe aliongeza maneno ya kumwombea mnunuzi naye akumbukwe. Birika lake moja, lililo katika makumbusho ya Tel Aviv, ni zima na lapendeza macho. Jingine lilipatikana Jerusalem, katika uchimbaji ulioongozwa na Nahman Avigad kuanzia mwaka 1969. Hilo limevunjika na kupindwa na moto. Mpenda uzuri angelipita. Hata hivyo lilikutwa katika nyumba iliyoteketea mwaka 70, Warumi walipouangamiza mji huo, na kwa hiyo latoa ushahidi thabiti wa zama za fundi huyo. Birika zima laonyesha ustadi. Lililovunjika laeleza historia.

Si haki kuwalaumu wakusanyaji wote. Felix Slade aliliachia British Museum mkusanyo wake wa vioo kwa wasia mwaka 1868, na wanazuoni wamefaidika nao. Lakini vyombo vizima aghalabu hutoka makaburini, na kaburi likishafukuliwa na wezi halina tena la kusema. Tangu Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970, mnunuzi asiyeuliza chombo kimetoka wapi hawezi kujitetea kwa ujinga.

Jambo hili laigusa hata pwani ya Afrika Mashariki. Periplus, kitabu cha Kiyunani cha karne ya kwanza, chataja mawe ya kioo ya namna nyingi miongoni mwa bidhaa zilizoletwa pwani hiyo, ambako Rhapta ilikuwa soko la mwisho. Mahali pa Rhapta hapajathibitishwa hadi leo. Kwa swali hilo, kabati zima la vichupa visivyojulikana asili halifai kitu; kigae kimoja kilichochimbwa mahali pake na kuandikwa vema chaweza kufaa sana.

Katika Kiswahili, neno kioo lina maana mbili: kitu kinachopitisha macho, na kitu cha kujitazamia. Mkusanyaji hana budi kuchagua. Akikitazama chombo kwa rangi yake tu, atauona uso wake mwenyewe. Akiuliza kilitoka wapi, na pamoja na nini, atamwona aliyekifanya na aliyekitumia.