Dawa Ndani ya Uzi

Katika bonde la Kilombero, ambako mkulima wa mpunga huihama nyumba yake msimu unapofika na kulala kwenye kibanda cha shambani ili awinge ndege na nguruwe mwitu, chandarua hubebwa pamoja na sufuria na jembe, na huko shambani hukabiliana na moshi, jua, sabuni ya mche na fito zenye vichomozo. Mtihani mkali kuliko huo ni vigumu kuupata kwa kazi ya mkemia anayechanganya polima, yaani maada ambazo molekuli zake ni minyororo mirefu ya vijisehemu vinavyojirudia, na vitu visivyofanana nazo.

Mradi wa KINET, ulioanza mwaka 1996 katika wilaya za Kilombero na Ulanga, ulisambaza vyandarua na dawa ya kuua mbu ya kuvichovya, kwa jina la Zuia Mbu. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2001 ilihusisha matumizi ya vyandarua vilivyotiwa dawa na ongezeko la asilimia 27 la uhai wa watoto wa mwezi mmoja hadi miaka minne. Hata hivyo dawa hiyo ilishika juu ya uzi tu, ikatoka kwa kufuliwa, na kuchovya upya ni kazi ambayo kaya nyingi ziliiahirisha.

Tiba ya kwanza ilikuwa kuigandisha dawa kwa gundi za polima, zikiwemo za jamii ya akriliki, ambazo hukauka zikawa utando mwembamba unaonyumbulika pamoja na uzi. Ya pili ina ujasiri zaidi. Katika chandarua cha Olyset, teknolojia ya Sumitomo Chemical ya Japani ambayo kiwanda cha A to Z cha Arusha kilianza kuitumia mwaka 2003, punje za polithini huyeyushwa pamoja na dawa ya permethrini, takriban asilimia 2 ya uzito wote, kisha uji huo husukumwa kupitia matundu madogo, hupozwa na kuvutwa hadi uwe uzi.

Uzuri wa ufundi huu uko ndani ya uzi wenyewe, mahali jicho lisipofika. Minyororo ya polithini penginepo hujipanga kama ukindu ulionyooshwa tayari kwa kusukwa mkeka, na penginepo hurundikana ovyo. Dawa haipenyi kwenye mpangilio, hupita polepole katika mrundikano hadi ifike juu, na joto huiongezea mwendo. Kinachooshwa juu leo hufidiwa na kilichomo ndani baada ya siku kadhaa. Mrundikano ukizidi, dawa humwagika mapema. Mpangilio ukizidi, hubaki kifungoni, na uzi unaong'ang'ania dawa yake haumfai mlalaji hata ukiwa umeshiba dawa.

Usugu wa mbu dhidi ya dawa, hasa Anopheles funestus ambaye katika Kilombero anabeba sehemu kubwa ya maambukizi ya malaria, umeongeza kiungo cha tatu: piperonili butoksaidi, kinachozuia vimeng'enya ambavyo mbu huvitumia kuivunja dawa. Vyandarua vya mchanganyiko huo vilijaribiwa Muleba, Kagera, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba viliwakinga watoto kuliko vya kawaida. Lakini kiungo hicho huelekea kuisha mapema kuliko permethrini, hivyo fundi anatakiwa kukipunguzia kasi bila kuifunga dawa, na vyote viwili vinapita katika mrundikano uleule.