Chujio la Karatu na Mtego wa Protini

Maji ya sehemu nyingi za Karatu na Ngorongoro hupenya katika miamba na majivu ya volkano kabla ya kufika kisimani, na njiani huyeyusha floraidi, madini yasiyo na rangi wala harufu, ambayo hayaondoki kwa kuchemshwa, kwa kuwa mvuke hupanda na madini hubaki sufuriani. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kiwango kisichozidi miligramu 1.5 kwa lita. Watoto wanaokunywa maji yaliyozidi kiwango hicho kwa miaka mingi huota meno yenye madoa ya kahawia, na pale floraidi inapokuwa nyingi mno, mifupa nayo huharibika. Magadi yanayotiwa katika maharage ili yaive upesi huweza kuiongeza floraidi hiyo mezani.

Tatizo hilo ndilo lililomshughulisha Dkt. Askwar Hilonga, mhandisi wa kemikali mzaliwa wa Karatu, aliyesomea nanoteknolojia Korea Kusini hadi shahada ya uzamivu, kisha akafundisha katika Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela jijini Arusha. Chujio lake, Nanofilter, lilimpatia mwaka 2015 Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, pamoja na pauni 25,000, na kampuni inayolisambaza, Gongali Model, ilichukua jina la kijiji cha Gongali kilichoko Karatu.

Chujio hilo hugawa kazi katika hatua mbili. Kwanza maji hushuka polepole katika mchanga, ambao huzuia takataka na vijidudu vingi. Kisha hukutana na chembechembe za nano, yaani zile zinazopimwa kwa nanomita, ambayo ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Kwa kuwa kadiri chembe inavyogawanywa zaidi ndivyo jumla ya uso wake inavyoongezeka, gramu chache hupata nafasi kubwa ya kushika floraidi na metali nzito zilizoyeyuka. Jambo la msingi ni kwamba mchanganyiko wa chembechembe hizo hupangwa kulingana na maji ya mahali husika.

Mgawanyo kama huo wa kazi unaonekana katika njia nyingine, iliyoanzia maabara ya baiolojia. Mwaka 2002 Wilfred Chen na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, walichapisha kazi kuhusu protini unganishi, yaani protini moja inayotokana na jeni mbili zilizounganishwa, ambayo upande wake mmoja hujishikiza kwenye selulosi, dutu inayojenga pamba, karatasi na katani, na upande wa pili hunasa kadimiamu. Upande wa kunasa uliigwa kutoka fitokelatini, silaha ya mimea dhidi ya metali, na ulikuwa na sisteini 20, asidi amino zenye salfa, ambayo hushikamana kwa nguvu na kadimiamu, risasi na zebaki. Uzuri wa mbinu hiyo ni kwamba selulosi huisafisha protini na kuishikilia kwa hatua moja, bila kemikali ya kugundisha.

Hata hivyo, protini hiyo isingewafaa wenye visima vya Karatu, kwa sababu ioni za metali zina chaji chanya ilhali floraidi ina chaji hasi, na salfa ya sisteini haina cha kuishikia. Mahali pake panapostahili kuchunguzwa ni kwenye maji yanayotoka katika machimbo madogo ya dhahabu, kama ya Geita, ambako zebaki hutumika kukamatia dhahabu. Na hata huko italazimu kupima kwanza jinsi protini inavyostahimili joto na bakteria wanaoila.

Kwa hiyo, ubora wa chujio hauamuliwi na upya wa sayansi yake, bali na ulinganifu kati ya kinachonasa na kinachonaswa. Halmashauri, shule na kaya zinazokusudia kununua chujio zipeleke kwanza sampuli ya maji maabara, zijue kilichomo na kiasi chake, na baada ya matumizi zipime tena, kwa kuwa chembechembe zilizojaa haziwezi kunasa zaidi, na maji yanayotoka yataonekana safi vilevile.