Injini Iliyozama: Jinsi Tulivyoikagua Pijo 504 Kule Port Victoria

Tulianza kwa kupima ukuta. Nyumba ya mzee aliyekuwa akiuza injini, kama nyumba nyingi za Budalang'i, bado ina mstari wa rangi ya chai ulioachwa na mafuriko ya 2020, mto Nzoia ulipovunja kingo zake. Nikapima kutoka chini hadi kwenye mstari, kisha nikaenda kwenye gari, hatua kumi hivi katika kiwanja hicho hicho tambarare, nikapima kutoka ardhini hadi kwenye kabureta. Maji yalikuwa yameipita kabureta kwa kiganja kizima. Binamu yangu, ambaye ndiye mnunuzi, alikuwa bado anasifia viti.

Gari lenyewe ni Peugeot 504 ya safu tatu za viti, zile zilizokuwa zikibeba abiria kati ya Magharibi na Nairobi miaka ya themanini, na ambazo kila mtu hapa anaziita Pijo. 504 ilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968, ikaja kuunganishwa Mombasa, na ikashinda Safari Rally mara mbili: 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, na 1978 ikiendeshwa na Jean-Pierre Nicolas. Muuzaji akikutajia ushindi wa 1978, mwache amalize; lile lilikuwa kupe la silinda sita na halihusiani na injini unayoiangalia. Hii yetu ni ya silinda nne, sentimita za ujazo 1,971, pistoni za milimita 88.

Namba iliyogongwa kwenye bloku tuliilinganisha na ya logibuku kabla ya kushika spana. Busia na Malaba ni milango ya mpaka, na vipuri huvuka huku na huku. Injini isiyo na karatasi humwachia taabu mnunuzi, si muuzaji. Namba zilifanana, tukaendelea.

Sasa, kwa nini mtu mwenye akili timamu anunue injini iliyozama? Jibu limo katika namna ilivyoundwa. Injini hii ina slivu za maji: kila silinda ni bomba la chuma linalochomolewa, na maji ya kupoza hulizunguka moja kwa moja. Slivu ikilika au ikipata kutu, huipeleki bloku kuchongwa; unaitoa na kutia mpya pamoja na pistoni na ringi zake. Ndiyo maana sishangilii wala silii ninapoona kuta za silinda. Ninachonunua hasa ni vitu vitatu ambavyo ni shida kupata: bloku, krenki na hedi. Vingine vyote nitavinunua upya hata kama muuzaji ataapa kwamba ni vizima.

Kwa hiyo swali langu kwa mzee lilikuwa moja tu.

"Mzee, maji yalipotoka, kuna mtu aliiwasha?"

"Vijana walijaribu," akasema. "Betri ilikuwa imekufa, wakaacha."

Ile betri mbovu ndiyo iliyotufanya tubaki pale mchana kutwa. Maji ya Nzoia hayana chumvi kama ya bahari ya Mombasa, hivyo hayali chuma kwa kasi ile, lakini yamejaa tope laini. Tope likitulia ndani ya sampu, linakaa huko bila madhara makubwa. Injini ikiwashwa, pampu ya oili inalivuta na kulisukuma hadi kwenye beringi, na kwa dakika chache krenki inachorwa mistari kama sahani ya santuri. Injini iliyozama na kuachwa ni tatizo la kutu. Iliyozama na kuwashwa ni tatizo la krenki, na kutu juu yake.

Neno la mzee ni neno, lakini ushahidi uko kwenye sampu. Tulifungua nati ya oili polepole bila kuondoa macho, maana maji ni mazito kuliko oili na hukaa chini. Yalitoka maji kwanza, ya kahawia, karibu nusu lita, kisha oili nyeusi. Hiyo ilikuwa habari njema. Oili na maji vilivyowahi kuchanganywa na injini inayozunguka hutoka vikiwa rangi moja, chai ya maziwa. Hivi vyetu vilikuwa vimetengana kama wapangaji waliokosana. Tulichana filta ya oili pia. Karatasi yake haikuwa na tope.

Kisha plagi. Katika injini hii plagi zimezama ndani ya mirija mirefu inayopita kwenye kifuniko cha roka, na injini yenyewe imelazwa nyuzi 45. Mirija miwili ilikuwa na udongo uliokauka. Ungezifungua plagi hivi hivi, udongo wote ungeanguka ndani ya silinda, kwa hiyo tuliupuliza kwanza kwa pampu ya baiskeli ya mjukuu wa mzee. Tulipozitoa tukamimina mchanganyiko wa dizeli na oili ya giaboksi katika kila tundu, tukaenda kula samaki.

Tuliporudi tulitia spana kwenye nati ya puli ya mbele na kuzungusha kwa mkono, bila bomba la kuongezea nguvu. Ukihitaji bomba, umeshapata jibu. Ilisogea robo mzunguko, ikagoma, tukairudisha nyuma, ikasogea tena. Kwa tochi tuliona silinda ya tatu ina pete ya kutu (kumbuka Peugeot huhesabu silinda kuanzia upande wa flaiwili, si wa feni). Hilo halishangazi: injini ya silinda nne ikisimama, lazima kuna silinda ambayo valvu zake zimebaki wazi, na huko ndiko maji huingia. Binamu alianza kukunja uso. Nikamwambia kutu ile imekaa kwenye kitu tutakachokitupa.

Kipimo cha kompresheni tuliacha kwenye begi. Katika injini iliyokaa miaka namna hii ringi zimeganda, na namba yoyote itakayotoka haina maana. Na ile mbinu ya kutia kijiko cha oili kupitia tundu la plagi ili kuona kama kompresheni itapanda, katika injini iliyolala oili hukusanyika upande mmoja tu wa pistoni na hukudanganya.

Feni ilitupa dokezo la zamani zaidi. Pijo hizi zina feni ya sumaku ya umeme, inayoshika pale tu maji yanapopata moto. Waya wake ukikatika, feni inazunguka ovyo na hedi inapata moto. Hii yetu ilikuwa imekazwa kwa skrubu izunguke muda wote, kazi ya fundi wa njiani. Maana yake kuna siku ilichemka. Basi hedi ilinitia shaka kabla sijaiona.

Mzee alikubali tufungue hedi baada ya binamu kuacha kishika bei, na ni haki yake. Hedi iliyofunguliwa haifungiki bila gasketi mpya. Hapa pana kosa linalofanywa hata na mafundi wakongwe. Hedi ikishatoka, slivu hazishikwi na kitu. Ukizungusha krenki, pistoni inazinyanyua na kuharibu sili zake za chini. Tulizibana kwa vipande vya chuma na bolti za hedi kabla ya kugusa chochote. Kisha rula ya chuma juu ya bloku, na fila geji: slivu zote nne zilisimama juu ya uso wa bloku kwa sehemu ndogo ya milimita, karibu sawasawa, kama inavyotakiwa.

Hedi ya aluminiamu ndiyo iliyoanguka mtihani. Rula ilionyesha mwanga katikati, na kando ya matundu mawili ya maji aluminiamu ilikuwa imeliwa hadi karibu na pete ya gasketi. Kupinda kungeweza kuskimiwa. Kuliwa kule, kwa maoni yangu, hakufai hata kuchomelewa.

Mwisho tulishusha sampu, tukafungua kofia moja ya koni rodi. Shingo ya krenki ilikuwa na doa la kijivu lakini haikuwa na mstari hata mmoja unaoshikwa na ukucha. Vijana hawakuiwasha kweli.

Binamu alilipa bei ya bloku na krenki, si bei ya injini, na mzee alibaki na hedi yake. Njia za oili ndani ya krenki bado zinasubiri kuzibuliwa na kuoshwa kabla ya beringi mpya kuingia. Kinachotuchelewesha ni hedi. Msomaji wa Busia au Malaba mwenye hedi ya 504 ya petroli iliyolala nyuma ya nyumba, aichunguze kando ya matundu ya maji kwanza. Kama haijaliwa, asiiuze kwa wanunuzi wa chuma chakavu kabla hatujaiona.