Mashahidi Waliopotea Katika Orodha ya Marejeo

Tumesoma mswada juu ya kuenea kwa Uislamu katika Nachingwea na Ruangwa, kazi ya kijana wetu mmoja ambaye hatumtaji jina kwa kuwa bado hajauchapisha. Sura zake ni nzuri, na ile ya Barua ya Makka ya mwaka 1908 ndiyo bora kuliko zote. Ugomvi wetu naye uko kwenye kurasa za mwisho, ambazo wasomaji wengi huzipita.

Katika nakala ya kwanza alipanga marejeo yote kwa alfabeti, bila kutenganisha. Qur'ani Tukufu ikaangukia herufi Q, ikabanwa baina ya majina ya watu. Ibn Hajar wawili, al-Asqalani (aliyefariki 852 H) mwenye Bulugh al-Maram na al-Haytami (974 H) mwenye Tuhfat al-Muhtaj, wakafuatana kama kwamba ni mtu mmoja. Na ripoti za maofisa wa Kijerumani zikachanganyika na masimulizi ya wazee. Hili si suala la urembo. Barua ile iliwaita watu watubu na kuonya juu ya Kiyama. Maofisa, ambao vita vya Majimaji vya 1905–1907 vilikuwa havijawatoka moyoni, waliiona ni uchochezi. Basi barua yenyewe ni ushahidi wa namna moja, ripoti juu yake ni wa namna nyingine, na kitabu cha Felicitas Becker cha mwaka 2008 ni uchambuzi uliokuja miaka mia baadaye. Wanavyuoni wa hadithi hawakumweka daraja moja aliyesikia mwenyewe na aliyesimuliwa.

Tukamshauri agawe, naye akagawa. Anaandika kwa programu ya LaTeX pamoja na kifurushi cha biblatex, ambacho kazi hii kinaiweza vyema: kila rejea hupewa alama ya kundi lake, kisha orodha huchapwa kundi baada ya kundi, kila moja na kichwa chake. Lakini rejea isiyopewa alama haiingii kundi lolote, wala haichapwi. Ndani ya sura namba yake ipo, mwishoni haipo. Kijana alitia alama vitabu na nyaraka, akawasahau wazee. Nakala ya pili ikaja na vichwa vinne vya kupendeza na bila mzee hata mmoja wa Ruangwa! Na juu ya nani alijenga msikiti upi, na nani aliuwekea wakfu shamba lake, mswada huu hauna shahidi mwingine. Warithi wakigombea shamba hilo kesho, tutawaonyesha nini?

Dawa yake ni nyepesi: aongeze kundi moja linalochapa kila kisichokuwa na alama, ili kilichosahauliwa kionekane.

Upande mwingine amezidisha. Nyaraka za serikali amezigawa kwa wilaya, Nachingwea peke yake na Ruangwa peke yake, ilhali Ruangwa ilikuwa ndani ya Wilaya ya Nachingwea hadi ilipotengwa mwaka 1995. Jalada la mwaka 1970 lenye jina la Nachingwea laweza kuhusu kijiji cha Ruangwa. Hapo kundi moja lingetosha.

Mswada tumemrudishia. Pembeni mwa namba 31, katika sura ya tatu, tumemwandikia kwa kalamu nyekundu: mzee huyu yuko wapi?