Mzizi Unaolainisha Uji

Uji wa mahindi ukiwa mzito kiasi cha kusimamisha mwiko, utie mizizi ya munkoyo iliyopondwa, ukoroge taratibu, na kabla mkono haujachoka utausikia mwiko umeanza kuteleza. Muda si mrefu uji wote umelegea, unamwagika kama maziwa. Hakuna aliyeongeza maji. Nimeliona jambo hili tangu utotoni na bado linanishangaza. Safari hii nimelitazama Kiambi, ukingoni mwa mto Luvua, uani kwa mama mmoja mzee ambaye mtaa mzima humwita Kambo kama wajukuu wake wanavyomwita.

Kambo alizaliwa upande wa Pweto, kule Luvua inakotoka Ziwa Moero, akateremka huku kwa ndoa. Munkoyo alikuja nao. Ni kinywaji cha Katanga nzima, na ng'ambo ya mpaka Wazambia nao wanakidai kuwa chao. Ugomvi huo tuwaachie wenyewe. Mizizi kwenye vinywaji si jambo la kwetu peke yetu. Wamaasai hutia mizizi ya mshubiri, wanaouita osuguroi, katika maji na asali kwa pombe ya sherehe zao. Ila wao wanaanza na asali, ambayo ni tamu tayari. Munkoyo unaanza na unga mkavu usio na utamu wowote, na hapo ndipo ninapowavulia kofia mama zetu.

Mzizi wenyewe hauna sura. Ni wa mmea wa porini wa jamii ya kunde, rangi yake ni ya udongo ulimotoka. Kambo huukwangua, huuponda kwenye kinu mpaka ubaki nyuzi, kisha huuweka kando na kuanza kuushughulikia uji. Uji ukiiva anautoa motoni. Na hapo kazi inasimama.

Alichovya kidole, akakitoa. “Bado.” Akakaa kwenye kigoda, akaniuliza habari za watu wa Kalemie, akalalamikia bei ya chumvi, akamfukuza kuku. Akachovya tena. Bado. Mjukuu wake, msichana wa kama miaka kumi na minne, alikuwa amekwisha kuzishika zile nyuzi mkononi, na mkono ule ulirudishwa kwa jicho tu, bila neno. Mara ya tatu kidole kilikaa ndani kidogo zaidi, kisha Kambo akapokea mizizi mwenyewe.

Wataalamu wa vyakula wameyachunguza haya na wana maelezo yao: ndani ya mzizi mna vimeng'enya vinavyoukata wanga wa mahindi ukawa sukari. Uji ukiwa unatokota vinakufa. Ukipoa kupita kiasi vinazembea. Nilimweleza Kambo hivyo, nikijiona nimeleta jipya. Akasema mama yake alimpiga kofi siku alipotia mizizi kwenye uji unaochemka, na tangu siku ile hajahitaji maelezo mengine.

Kwa hiyo utamu wa munkoyo hautiwi. Umo ndani ya mahindi, unangoja kutolewa. Siku ya kwanza ni kinywaji cha watoto, kitamu, cha kuteremshia vumbi la njia. Siku ya pili kinaanza kuuma ulimi, na hicho ndicho nikipendacho mimi. Siku ya tatu watoto wanafukuzwa, wazee wanavuta viti.

Halafu kuna chungu. Chungu cha munkoyo hakijui sabuni. Kinasuuzwa kwa maji, kinaanikwa, kinarudi kazini, kwa sababu uchachu wa jana ulioingia kwenye udongo wake ndio unaoamsha wa leo. Cha Kambo kinakaa kwenye kivuli, nusu kimezama katika mchanga anaoulowesha asubuhi na jioni. Ubavu wake unatoka jasho, na kinachochotwa humo ni baridi. Juu ya Luvua hiihii, huko Mpiana-Mwanga, wakoloni walijenga bwawa la umeme miaka ya 1930, na umeme wake ukaenda kwenye migodi ya bati ya Manono. Friji hazikuja mtoni. Vyungu vilitosha.

Leo vyungu vyenyewe ni vya kutafuta. Kati ya 2013 na 2017, Wabatwa na Waluba walipopigana katika sehemu hizi, vijiji vizima vilihama, na mtu anayekimbia na mtoto mgongoni habebi chungu. Waliporudi walikuwa na bidoni za plastiki. Katika hilo sina wa kumlaumu. Bidoni haivunjiki, inafungika, inapanda baiskeli.

Ninaowalaumu ni wengine, na hao hawakukimbia vita. Nimeunywa huo munkoyo wa mjini, wa chupa zilizookotwa: uji mwepesi, sukari nyingi, hamira ya mkate, saa chache juani, basi. Unafoka ukiufungua, na wanunuzi wanashangilia povu. Anayeuza ana haraka, kodi ya nyumba inamngoja, naelewa. Lakini anayenunua je? Watoto waliozoea vinywaji vya unga wa pakiti, vyekundu na vya kijani, wakionja munkoyo wa mzizi wanauliza kwa nini hauna sukari. Na mama mtu, ambaye yeye alilelewa nao, anawaongezea vijiko viwili.

Mzizi nao unazidi kwenda mbali. Zamani Kambo aliuchimba nyuma ya mashamba. Sasa hununua mafungu kwa vijana wanaotoka nao porini na baiskeli za makala, kwa sababu ni pori lilelile linalokatwa kwa makala. Yeye akichimba alikata mizizi ya pembeni, akauacha ule mkuu, akafukia. Vijana wanang'oa wote. Aliwahi kuwaambia, wakamjibu kwamba wasipoung'oa wao, watang'oa wenzao, na kusema kweli hawakumdanganya.

Kule Manono, kwenye udongo uliotoa bati, siku hizi mazungumzo ni lithiamu. Wageni wametoboa miamba, wamepima, wameandika kwenye makaratasi ni tani ngapi zimelala chini. Mizizi ya munkoyo iliyobaki kati ya huko na mto hakuna aliyetumwa kuihesabu, na fungu ambalo Kambo alilipata kwa franka za samaki mmoja sasa analilipia franka za samaki watatu. Mjukuu wake ameshamuuliza kama sukari haingetoka rahisi.