Gitare ya besi katika feti zetu: neno kwa vijana wanaoipiga na kwa wale wanaowaalika

Katika feti za mji wetu wa Lubumbashi, mtu wa gitare ya besi anasimama karibu kila mara pahali pamoja: nyuma, kando ya batri, kule taa haifiki. Mwimbaji anabandikwa feza kwenye paji la uso. Mpiga solo anazungukwa na vijana wanaotazama vidole vyake. Atalaku anajulikana na kila mtoto wa avenyu. Yeye wa besi tunamwona tu siku anapokosea. Sisi tunaofundisha vijana, na tunaopenda muziki wa kwetu, tumeona vema kuandika juu yake, kwa maana kazi yake inaharibika pande mbili: wapigaji wenyewe wanaiharibu, na sisi tunaowaalika tunaiharibu vilevile.

Kwanza tuelewane juu ya jina. Wengi kwetu wanasema "basi", kufuatana na Kifaransa. Hapa tutaandika "besi", kusudi msomaji asifikiri tunazungumza juu ya gari ya kubeba watu.

Mzizi wake uko kwetu

Kuko watu wanaosema kwamba besi ni kitu cha wageni, na kwa hiyo haina nafasi katika maandishi juu ya mila. Ni kweli kwamba gitare ya besi ya umeme, ile yenye vichuma shingoni, ilianza kuuzwa kwa wingi Marekani mwaka 1951 na Leo Fender. Lakini chombo ni kitu kimoja, kazi ni kitu kingine. Kazi ya besi ilikuwa kwetu mbele ya chombo kufika.

Mwaka 1952 Hugh Tracey alifika Jadotville, mji tunaouita leo Likasi, akachukua sauti ya Jean-Bosco Mwenda na gitare yake. Mwenda alipiga kwa vidole viwili: kidole gumba kwenye nyuzi nene, kidole cha shahada kwenye nyuzi nyembamba. Asiyejua anafikiri anasikia watu wawili. Kile kidole gumba, njo besi yenyewe. Kilitembea chini bila haraka, na wimbo wote ulipanda juu ya mgongo wake.

Tena tuangalie karindula yetu, ile inayotengenezwa na pipa ya chuma, ngozi ya mbuzi, shingo ndefu ya mti na nyuzi 4. Vijana wa vijiji na wa komini wameichezea watu wengi bila kulipa hata franka moja ya umeme. Sauti yake ni nzito, inaingia kwa miguu mbele ya kuingia kwa masikio. Kijana wa besi anayepita karibu na karindula bila kusimama kusikiliza, anapita karibu na mwalimu wake bila salamu.

Kule Léopoldville nako, historia inajulikana nusu. Wakati wa Meza ya Duara ya Bruseli, mwaka 1960, orkestra African Jazz ilipiga "Indépendance Cha Cha". Kila mtu mwenye kusoma anajua sauti ya Joseph Kabasele na solo ya Docteur Nico. Ni wangapi wanajua kwamba besi ilishikwa na Armando Brazzos, aliyetoka OK Jazz? Zaïko Langa Langa ilipoanza mwisho wa mwaka 1969, vijana wale hawakutumia tarumbeta. Kazi yote ikabaki kwa sauti, gitare na ngoma, na besi ya Oncle Bapius ikapata nafasi kubwa. Watu wakacheza, lakini jina la mwenye besi halikwenda mbali kama majina ya waimbaji.

Tuliyoyaona siku moja

Miaka michache iliyopita tulialikwa kwenye ndoa katika komini ya Katuba. Mpiga besi wa orkestra alikuwa kijana tuliyemfundisha zamani. Alikuwa na vidole vyepesi sana. Lakini tangu wimbo wa kwanza alijaza kila tundu: mwimbaji anapumua, yeye anapiga, solo inaanza, naye anaanza solo yake kule chini. Bibi mmoja karibu na sisi alisema: "Huyu mutoto anazungumuza sana na gitare yake."

Katikati ya sebene umeme ukakatika. Gitare zote zikafa, klavie ikafa, mwenye batri akashangaa akaacha. Watu wakaanza kurudi kwa viti. Hapo baba mkubwa wa bibi arusi akasimama, akageuza kazie ya chupa iliyo wazi, akaipiga na ngumi: mara mbili, akanyamaza, mara moja, akanyamaza. Akasema: "Feti haiyakufa!" Wamama wakamjibu na chupa na kijiko, sawa vile wazee wa Katanga walivyogonga chupa kando ya gitare. Watu wakarudi kucheza, hata wale ambao mbele hawakucheza. Jenereta ilipowaka na orkestra ikaingia, wengine wakakaa tena.

Kesho yake kijana akatufikia nyumbani, uso chini. Akasema: "Mwalimu, ule muzee alifanya nini ile miye siwezi kufanya na nyuzi 4?" Tena akatuambia jambo lililomuumiza zaidi: mkubwa wa orkestra alitaka kumtosha, besi ipigwe na mkono wa kushoto wa mwenye klavie, kusudi malipo ya mtu mmoja yapungue.

Tulimwambia ukweli bila kumpendeza. Yule mzee aliwaachia watu nafasi ya kuweka miguu. Wewe uliijaza nafasi hiyo. Na kama besi ni kujaza tu, klavie inajaza vizuri kuliko wewe, haichoki na haiombi nauli. Kile ambacho klavie inakosa ni kidole: kuzima uzi kwa wakati wake, kuteleza toka sauti moja mpaka ingine, kuchelewa kidogo sana kumngoja mchezaji. Klavie si adui. Tumesikia wenye klavie wanaojua kazi. Lakini ukiacha kile ambacho ni chako peke yako, usishangae wakikufukuza.

Toka siku ile tulianza kuandika mashauri haya. Tunayatoa hapa kwa wote.

Mashauri kwa mpigaji

Kwanza, panga nyuzi zako. Toka nene mpaka nyembamba ni mi, la, re, sol, oktavi moja chini ya nyuzi 4 nene za gitare ya kawaida. Zipange nyumbani, zipange tena pale pa feti, juu joto linazibadilisha. Fanya hivyo mbele ya wageni kuingia, si wakati wa hotuba ya baba ya bibi arusi.

Pili, jifunze wimbo kwa hesabu, si kwa majina ya sauti tu. Nyimbo zetu nyingi zinazunguka sauti ya nyumbani, ya 4 na ya 5. Kama nyumbani ni do, utapata fa na sol. Jumamosi usiku mwimbaji amechoka, anaomba mshuke mpaka si bemol: sasa ni si bemol, mi bemol na fa. Anayejua hesabu anarudisha mkono vichuma 2 nyuma, umbo la vidole linabaki lilelile. Asiyejua anatafuta mbele ya watu, na watu wanasikia anavyotafuta.

Tatu, jifunze kunyamaza. Chukua mzunguko mfupi, uupige dakika 10 bila kuongeza kitu, polepole, mguu ukihesabu. Jipige sauti kwa telefone, ujisikilize. Utaona unakimbia, karibu sisi wote tunakimbia. Kisha angalia mwisho wa kila sauti, si mwanzo wake tu: uzi uzimwe pale unapotaka, si pale utakapochoka wenyewe. Wimbo "Mario" wa Franco na TP OK Jazz, wa mwaka 1985, unapita dakika 10. Kijana anayechoka na mzunguko mmoja kwa dakika 2 atafanya nini mule ndani?

Ine, oa ngoma ya mguu. Mkutane wawili, wewe na mwenye batri, bila solo, bila mwimbaji, mara moja kwa juma. Mahali mguu wake unapoanguka, ujue kama unaanguka naye ao unamjibu. Mbele ya kupiga mstari wowote, uimbe kwa kinywa. Kile kinywa hakiwezi kuimba, vidole vitakidanganya.

Tano, ogopa kifungo cha sauti. Uzi wa mi unatetemeka karibu mara 41 kwa sekunde, na wimbi lake linapita metre 8 kwa urefu. Kwa hiyo wewe uliyesimama kando ya ampli unasikia kitu kimoja, mgeni aliyekaa kwenye ukuta wa nyuma anasikia kingine. Mbele ya feti, mwombe mwenzako apige, wewe tembea mpaka nyuma ya sale. Kama ukuta unavuma na bati zinatetemeka, punguza sauti ya chini, usiiongeze. Tena usichomeke besi kwenye ampli ndogo ya gitare na kuifungua mpaka mwisho: utapasua spika, na mwenye sono atakudai.

Sita, angalia mfuko wako. Weka kamba 2 za umeme za gitare, nyuzi za akiba, fyuzi, tochi na kitambaa cha kupangusa nyuzi nyuma ya kupiga. Nyuzi ni bei kali. Zilizokufa sauti unaweza kuzichemsha katika maji safi kwa dakika chache na kuzikausha vizuri. Sauti itarudi kwa siku kadhaa, si zaidi. Wakati wanabadilisha umeme wa mji na jenereta, zima ampli kwanza. Na kama mikro inakuchoma mdomo, usicheke na usiendelee. Umeme umekwisha kuua wanamuziki.

Saba, patana mbele ya kupiga. Saa ya kuanza na ya kumaliza, bei, nauli ya usiku, chakula, nani ananunua mafuta ya jenereta: viandikwe kwenye karatasi, na upokee sehemu ya feza mbele. Chupa ya bia si malipo. Kijana anayelipwa na bia mwaka huu, mwaka kesho atakuwa ameuza gitare.

Neno kwa wanaoalika

Lakini haifai mwalimu aseme na mwanafunzi tu na kuwaacha wazazi. Sisi tunaopanga ndoa, kilio na siku za utamaduni, tunapunguza bei mpaka orkestra inapunguza watu, na mtu wa kwanza kupungua ni wa besi. Kisha tunalalamika kwamba muziki wa leo ni makelele na hauchezeki. Tunataka nyumba, hatutaki kulipa msingi.

Tarehe 14 mwezi wa 12 mwaka 2021, UNESCO iliandika rumba ya Kongo, ya nchi zote mbili, katika orodha ya urithi wa wanadamu. Tulifurahi, wengine walicheza njiani. Lakini karatasi ya Paris haitamnunulia kijana wa Katuba nyuzi, wala haitamfundisha kunyamaza. Kazi hiyo ni yetu. Tunaomba mambo matatu kwa chama chetu: siku ya utamaduni itakayokuja, majina ya wapigaji wote yaandikwe kwenye programu, hata ya mwenye besi; malipo yake yasipungue chini ya yale ya mwenye solo; na mwenye karindula mmoja aalikwe akae mbele ya vijana, wamsikilize na kumuuliza.

Yule mwanafunzi wetu hakufukuzwa. Alikwenda kwa yule mzee wa kazie, Jumapili tatu mfululizo, bila gitare. Mzee alikuwa anapiga meza, kijana anapiga goti lake. Mara ya mwisho tulipomsikia, kwenye kilio, alipiga sauti chache sana, tena alisimama palepale nyuma, kule taa haifiki. Hakuna aliyemtazama. Lakini yule bibi aliyesema anazungumza sana alikuwepo vilevile, na safari hii alicheza mpaka akavua viatu.